Misibani tunaandika pesa, hatuandiki watu

Nenda msiba wowote, uwe Tunduma, Vwawa, Kamsamba au huko Sinza mnakoishi wengi wenu. Kabla kamba za turubai hazijakazwa, meza imeshapatikana na juu yake pana daftari. Limechorwa mistari kwa rula: jina, kiasi, maelezo. Huyu 2,000. Yule mpunga debe moja. Mwingine ameahidi, ataleta kesho. Anayeandika hachaguliwi ovyo. Anatafutwa mtu mwenye mwandiko unaosomeka, mwaminifu, na ikiwezekana asiyekunywa. Siku ya kuanua matanga daftari linasomwa mbele za watu, kisha linafungiwa kabatini miaka na miaka, maana kesho ni zamu ya mwenzako na lazima ujue alikuja kwako na nini.

Naomba nieleweke. Silibezi daftari la rambirambi. Bila hilo watu wengi huku kwetu wangezikwa kwa aibu. Ninachouliza, na nimeuliza mpaka wazee wangu wamenichoka, ni hiki: kwa nini katika siku zote za msiba kitu pekee tunachokiandika kwa uangalifu ni pesa?

Mtaniambia, na wasifu wa marehemu je? Haya, tuuangalie huo wasifu.

Unaandikwa na kamati usiku wa kuamkia mazishi, mara nyingi na kijana mmoja aliyemaliza kidato cha nne, huku akiulizia tarehe kwa watu wanaopita na ndoo za maji. Mpangilio wake ni mmoja nchi nzima, utadhani umetoka kwa Mpiga Chapa wa Serikali. Marehemu alizaliwa mwaka fulani. Alisoma shule fulani, au "hakubahatika kupata elimu". Alioa au aliolewa. Alijaliwa watoto kadhaa na wajukuu kadhaa. Alianza kusumbuliwa na presha. Alifikwa na mauti saa ngapi, hospitali gani. Sisi tulimpenda lakini Mungu amempenda zaidi. Basi, imekwisha. Ukiondoa mauti, hiyo ni barua ya kuombea kazi! Ndiyo maana mtu mwenye vyeti na vyeo wasifu wake unachukua robo saa, tena na semina alizohudhuria zinatajwa, wakati mkulima anamalizwa kabla jeneza halijakaa sawa mezani.

Mama yangu mkubwa alizikwa Kamsamba. Wasifu wake haukufika dakika mbili. Alizaliwa, hakubahatika, aliolewa, watoto saba, presha, mauti. Yeye mwenyewe hakuwemo mle ndani. Huyu ni mtu aliyelima mpunga katika bonde la Momba zaidi ya miaka 40, ule mchele mnaouulizia sokoni Tunduma mkisikia umetoka Kamsamba. Kila msimu alihamia shambani, akapanda kwenye dungu kuwinga kwelea kwelea toka alfajiri mpaka ndege wenyewe walipokwenda kulala. Kusoma hakujua, lakini madeni ya mpunga ya kitongoji kizima alikuwa nayo kichwani, na sijawahi kusikia mtu aliyebishana naye akashinda.

Na hapo penye watoto saba ndipo paliponikaa kooni. Yeye ulipomuuliza alisema wanane. Wa nane alikufa akiwa na siku tisa, kabla hajapewa jina. Miaka yote mama mkubwa alimhesabu. Kamati ikaona hahesabiki.

Sasa nisikilizeni kidogo. Si mbali na Kamsamba, wilaya hiyo hiyo ya Momba, kuna Ivuna. Tarehe 16 Desemba 1938 kilianguka hapo kimondo, jumla yake gramu 705, yaani hakifiki kilo moja ya sukari. Jiwe hilo lina wasifu, bwana! Limepimwa, limekatwa, limeandikiwa makala na vitabu. Kundi zima la vimondo linaitwa CI, na hiyo I ni Ivuna. Kipande chake kimo kwenye Makumbusho ya Historia Asilia ya London. Wajapani walipoleta duniani udongo wa sayari ndogo ya Ryugu mwaka 2020, waliulinganisha na jiwe la kwetu. Kimondo hakijanikosea, nakitakia maisha marefu. Ila inanishinda kuelewa namna jiwe la gramu 705 linavyojulikana mpaka chembe zake, na mwanamke aliyeinama kwenye matope ya bonde lilelile kwa miaka 40 anaagwa kwa mistari sita, tena hesabu ya watoto wake imekosewa.

Wapo wenzangu wa mjini wanaonijibu kwamba haya ya kuandika majonzi ni mambo ya Wazungu. Eti Mwafrika analia, anakula ubwabwa wa msiba, anaendelea na maisha. Nani kawaambia? Shaaban Robert alipofiwa na mkewe Amina alimtungia shairi, akalipa jina lake, na ndoa yao akaiandika katika Maisha Yangu. Alikuwa karani wa serikali ya kikoloni, tena mwanamume wa Tanga wa zama zile, hakuogopa kuonekana ameumia. Mwana Kupona wa Pate, mwaka 1858 hivi, akijua ugonjwa unamwelemea, alimwachia binti yake utenzi. Hakusubiri kamati.

Wala si maandishi tu. Kwa Wagiriama wa pwani ya Kenya, mtu wa chama cha Gohu akifariki ndugu zake humchongea kigango, mti wenye sura ya mtu, wakausimamisha, wakaufunga nguo, wakaumwagia kinywaji. Ni kazi ya mikono, ina gharama na masharti, nayo haiishi siku ya mazishi. Mwaka 1985 viliibwa vigango viwili vya familia moja, vikaja kuonekana kwenye makumbusho mawili ya Marekani, na mwaka 2007 vikarudishwa kijijini. Katika miaka hiyo yote familia ilikuwa ikihesabu mabaya yaliyoipata tangu wizi ule. Mnunuzi aliona sanamu nzuri ya kuweka sebuleni. Wenyewe walikuwa wamenyang'anywa ndugu.

Na huku kwetu? Mwanamke anayekuja msibani Kamsamba huanza kulia akiwa bado njiani, na kilio kile ni maneno, si sauti tupu. Anamwita marehemu kwa cheo chake cha ukoo. Anamkumbusha walikotoka. Anamlaumu: umeniachia nani? Siku ile wifi mmoja wa mama mkubwa aliingia uani akilia kwamba sasa nani atawaita ndege kwa majina yetu. Maana ndivyo ilivyokuwa: mama mkubwa aliwapa kwelea kwelea majina ya mawifi zake, akawa anawatukana kwa zamu toka juu ya dungu, na upepo ukiwa mzuri wenyewe walisikia majumbani kwao. Watu walicheka huku machozi yanawatoka. Kwa dakika chache yule mama alikuwa pale uwanjani, mzima. Kisha mshereheshaji akashika kipaza sauti, kinanda cha kwaya kikajaribiwa, akina mama wakaombwa watulie ili ratiba ianze.

Wasifu ulikuwa ndiyo huo. Ulitungwa na mtu mwenye uchungu, ulikuwa na ucheshi, ugomvi na ukweli ndani yake, na tukaunyamazisha ili tusome ile fomu.

Anapofariki mkubwa hatuna shida hii hata kidogo. Oktoba 1999 alipofariki Mwalimu, na Machi 2021 alipofariki Magufuli, redio zilijaa nyimbo za maombolezo zilizotungwa na kurekodiwa ndani ya siku chache. Hakuna aliyewaambia wanamuziki wajikaze. Kumbe tunajua kabisa kwamba majonzi yanataka kutungwa, yanataka sauti na maneno yake. Isipokuwa tumeamua kazi hiyo ifanywe na wenye studio kwa ajili ya wenye vyeo, na wengine wote wapewe pole.

Sisi tuliosoma ndio wabaya zaidi. Mtu kafiwa na mama yake mzazi, anabadilisha picha kwenye WhatsApp, anaandika RIP mama, anapokea vikono mia mbili vya kusali, na kuanzia hapo ni kimya mpaka mwaka ugeuke na aweke picha ileile. Huyo ni mtu anayeandika ripoti za kurasa 60 kazini! Anaweza kuandika maneno 800 kuhusu kocha wa Yanga. Fulana za msiba atazichapisha, tena za rangi mbili, moja ya kanisani na moja ya makaburini. Ukimwambia aandike ukurasa mmoja juu ya mama yake anakwambia hana muda, au ataanza kulia. Kwani kulia kuna ubaya gani?

Upande wa pili kuna wale wa semina. Wanafika na kalamu za rangi na karatasi kubwa, watoto yatima wanaambiwa wachore wanavyojisikia, michoro inapigwa picha kwa ajili ya ripoti, kisha inapakiwa kwenye gari na kuondoka. Mtoto kachora kaburi la baba yake, na mchoro haujui ulipo. Kuchora ni jambo jema. Ninachokataa ni kumchoresha mtu uchungu wake halafu uondoke nao.

Tena nisiseme uongo kwamba kuandika ni dawa, maana hapo ndipo wengi wanapoharibu. Ni kweli mwaka 1986 Wamarekani wawili, James Pennebaker na Sandra Beall, waliwapa wanafunzi wa chuo kazi ya kuandika dakika 15 kwa siku nne juu ya jambo lililowaumiza kuliko yote. Walioandika tukio pamoja na walivyojisikia walitoka pale wakiwa na huzuni zaidi, lakini miezi iliyofuata walikwenda zahanati ya chuo mara chache kuliko wenzao. Tangu hapo dunia nzima inauza madaftari ya uponyaji. Wasichowaambia ni kwamba mwaka 2002 Margaret Stroebe na wenzake huko Uholanzi waliwapima watu waliofiwa hasa, na hawakuona kwamba kuandika kuliwafanya wapone haraka kuliko ambao hawakuandika. Kwa hiyo mtu akikwambia andika upone, muulize anauza nini. Mimi nasema andika kwa sababu bila hivyo tunabaki na ile fomu.

Kitinda mimba wa mama mkubwa, mdogo wangu, ana kibanda cha kutuma na kutoa pesa Tunduma. Ndiye aliyemuuguza. Siku za msiba hakuna aliyemuuliza chochote cha kuweka kwenye wasifu. Alikuwa anahangaikia jeneza. Miezi miwili baadaye alianza kuandika kwenye kaunta buku, usiku, akishafunga hesabu za siku. Haandiki juu ya mama yake, anamwandikia. Anamwambia mchele umeuzwa bei gani. Anamgombeza kwa nini alificha ugonjwa mpaka mavuno yakaisha. Anamuuliza maswali ambayo mtoto wa kiume haulizi. Kwenye ukurasa mmoja amechora: mto, njia ya kwenda shamba, lilipokuwa dungu, na pembeni ya mti duara dogo. Ni kaburi la yule wa siku tisa. Mama alimwonyesha mara moja tu, akamwambia asilisahau.

Nimemuuliza kama anapata nafuu. Hapana, anasema, tena kuna siku anafunga kitabu analala vibaya zaidi. Lakini haachi.

Habari zikafika kwa wazee, na arobaini ya mama mkubwa ilikuwa imeshapita kitambo, kwa hiyo ikaitishwa kikao cha peke yake. Baba mdogo akasema kijana anafukua makaburi. Marehemu hagombezwi. Kichanga asiye na jina hazungumzwi, kuna mambo ukiyaita yanaitika. Mengine ni ya ndani, na ya ndani hayaandikwi, leo yako kwenye kaunta buku kesho yako kwenye simu. Wakaagiza kitabu kichomwe.

Sidharau hofu ya wazee. Baba mdogo naye amezika wake wadogo, nadhani, na amekaa nao kimya miaka 50, na sasa anatokea kijana wa juzi kumwonyesha kwamba haikuwa lazima. Hiyo inauma. Lakini hoja yenyewe, kwamba wazee wetu hawakuwa wakiyasema haya, si ya kweli, na ushahidi uko karibu na hapa. Elise Kootz-Kretschmer, mmisionari Mjerumani wa Moravian aliyefanya kazi Utengule kule Mbeya, alikaa na wanawake waliopita katika vita na utumwa wa karne ya 19 katika ukanda huu wetu wa kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, wakamsimulia, akaandika. Baadhi ya masimulizi hayo Marcia Wright aliyachapisha upya mwaka 1993. Yumo Bibi Narwimba, aliyefiwa na mume na kueleza bila kuficha namna alivyomwomba mwenyewe mpwa wa marehemu amrithi, apate wa kumlinda. Yumo Chisi, aliyetekwa akiwa mtoto na kupita mikono ya watu. Hayo ni mambo ya ndani kweli kweli! Waliyasema wakiwa watu wazima, wenye akili zao, kwa mtu aliyekuwa na daftari na muda wa kusikiliza. Bibi zetu hawakukataa kusema. Ni kwamba aliyekuja kuwauliza alitoka Ujerumani.

Ninachotaka si kikubwa. Pale mezani, kando ya daftari la rambirambi, liwekwe la pili. Anayetoa 2,000 aseme na jambo moja analomkumbuka nalo marehemu, liandikwe kama alivyolisema, hata kama ni deni, hata kama ni tusi. Asiyejua kuandika aambiwe na mjukuu wake mwenye simu, arekodiwe, Kiwanda au Kinyamwanga, sawa tu. Watoto wachore na michoro ibaki nyumbani. Wasifu uandikwe na aliyelala chumba kimoja na mgonjwa, na kama dakika hazitoshi zipunguzwe kwenye utambulisho wa viongozi, ambao sijawahi kuona msiba wakakosa muda. Na siku ya kuanua matanga, tukishauliza kama kuna anayemdai marehemu ajitokeze, tuulize pia nani ana habari zake ambazo sisi hatuna. Linahitaji kaunta buku moja na peni.

Kitabu cha mdogo wangu hakijachomwa. Mwezi uliopita dada yake mkubwa alikuja dukani akakiomba, na sote tulijua anakwenda kukitia kiberiti, kwa kuwa kwenye kikao alikuwa upande wa wazee. Alikaa nacho siku kumi. Kilirudi na kurasa tatu zaidi, kwa kalamu nyekundu. Anasema mdogo wake hajui kitu: si ndege wote walikuwa mawifi, wawili walikuwa majirani, na amewataja. Bei ya mchele mwaka ule siyo hiyo. Dungu lilikuwa ng'ambo ya mfereji. Na chini kabisa, kwenye ule mchoro, karibu na duara, ameandika kwamba mtoto alikuwa wa kike.